Masikio Yanapolia, Usiitupe Dawa ya Sukari

(Mazungumzo ya mwanachama mwenzetu, muuguzi mstaafu, siku ya sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi. Yameandikwa karibu kama yalivyosemwa.)

 

Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha hapa. Miaka kumi si mchezo. Tulianza na kisanduku kimoja chenye kufuli tatu, na kuna waliotucheka wakasema wanawake hawa watagombana kabla ya mgawo wa kwanza. Leo wengine wao wamekaa pale nyuma, na karibuni sana. (Vicheko.)

Mwenyekiti amenipa dakika ishirini na akanionya nisizidishe kwa sababu pilau iko motoni. Mada niliyoletewa kwa barua ilikuwa "Afya ya Mwanamke". Mada hiyo ni bahari, jamani. Nikaomba ruhusa nichukue ndoo moja tu ya maji yake. Ndoo hiyo ni lile swali ninaloulizwa karibu kila Jumamosi tukishamaliza kuhesabu hisa. Mama ananivuta pembeni, ananiambia: "Dada Nesi, tangu nianze vidonge vya sukari masikio yanalia." Mmoja anasema yanalia nyiii, kama nyenje. Mwingine anasema kama maji yanayotaka kuchemka. Yuko aliyeniambia ni kama redio isiyoshika stesheni. Na wote humalizia kwa swali lile lile: "Nikiviacha, si yatanyamaza?"

Jibu langu nalitoa mapema, nisije nikakatishwa na pilau. Usiviache. Pima sukari kwanza, kisha mwage dawa zako zote mezani mbele ya daktari, zote, hata zile za dukani. Sasa naomba mnisikilize niwaeleze kwa nini.

Wazo kwamba dawa inaweza kulizisha masikio si uzushi wa akina mama. Sisi watu wa Muheza tunalijua kuliko wengi. Nani hapa mwenye umri wangu hakuwahi kunywa kwinini? Si mnakumbuka masikio yalivyokuwa yanavuma, mtu anakuita yuko hapo mlangoni wewe unamsikia yuko Korogwe? (Vicheko.) Ile ilikuwa ni dawa, wala haikuwa homa peke yake. Kwinini hutoka kwenye ganda la mti, na mti huo Wajerumani waliupanda hapa juu kwetu Amani, walikoanzisha kituo chao cha utafiti mwaka 1902. Vita Kuu ya Kwanza ilipowafungia bahari wasiletewe dawa, walichemsha maganda wakawanywesha askari wao. Nadhani askari wale nao walisikia nyenje. Tangu mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani limependekeza sindano ya atesuneti mahali pa kwinini kwa malaria kali, kwa watoto na watu wazima, na kwa malaria ya kawaida tunatumia dawa mseto. Lakini kwinini haijafutika duniani. Kumbukeni jina hilo, nitalirudia.

Ndani kabisa ya sikio kuna kitu kimejikunja kama konokono. Mna chembe ndogo zenye vinywele, kiasi cha 15,000 kila sikio. Hizo ndizo zinazoipokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Zikifa haziote tena, si kama nywele za kichwani. Na mshipa unaoleta damu kwenye sikio la ndani ni mmoja tu, mwembamba, hauna mwenzake wa kuusaidia ukiziba. Chembe zikiharibika, ubongo hukosa sauti iliyozoea kuja. Unafanya kama mtu aliyepoteza stesheni: anafungua redio mpaka mwisho, anaishia kusikia mkwaruzo. Kwa hiyo yule mama wa redio alisema jambo la kitaalamu bila kujijua.

Sasa sukari inaingiaje? Kisukari kikikaa mwilini miaka bila kudhibitiwa huharibu mishipa midogo midogo ya damu na ya fahamu. Tunajua habari za macho, figo, na nyayo kufa ganzi. Sikio nalo lina mishipa midogo ya namna hiyo hiyo. Mwaka 2008 watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walitoa matokeo yao: upungufu wa kusikia ulionekana karibu mara mbili kwa wenye kisukari kuliko kwa wasio nacho. Na kusikia kunapopungua ndipo mlio hupata nafasi. Kwa maneno mengine, mara nyingi anayelizisha sikio ni ugonjwa wenyewe, na kidonge unachokilaumu ndicho kinachojaribu kumzuia.

Hapo mtu ataniuliza: mbona yalianza nilipoanza dawa? Wengi wetu hugunduliwa kisukari kikiwa kimeshakaa miaka kadhaa mwilini kimya kimya. Siku unayopewa vidonge siyo siku ugonjwa ulipoanza. Tena ukishaambiwa una ugonjwa, unaanza kuusikiliza mwili kuanzia unyayo hadi utosi. Mlio uliokuwepo zamani unausikia leo.

Hata hivyo sitaki mniambie nimekuja hapa kuzitetea kampuni za dawa. Tuziangalie dawa zenyewe.

Metfomini, vile vidonge vikubwa vyeupe ambavyo wengi wetu tunavyo. Madhara yake ya kawaida yako tumboni: kuharisha, kichefuchefu, na ladha ya chuma mdomoni. Kuvunja tumbo hupungua ukiinywa pamoja na chakula. Mlio wa masikio haumo katika madhara yake ya kawaida. Ila kuna njia ya mzunguko ambayo watu hawaambiwi vya kutosha. Metfomini ikinywewa kwa miaka mingi, hasa kwa dozi kubwa, huweza kupunguza vitamini B12 mwilini. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwakumbusha waganga kwamba tatizo hili ni la kawaida kuliko lilivyodhaniwa zamani. B12 ndiyo inayolinda mishipa ya fahamu. Ikipungua mtu huchoka, hupauka, miguu huchomachoma, ulimi huuma, na wapo watafiti walioihusisha na mlio wa masikio. Miguu hiyo tukiiona tunasema "ni sukari hiyo" na tunaishia hapo. Kwa hiyo aliyekunywa metfomini miaka mitano, kumi, na akawa na dalili hizo, amwombe daktari amwangalie B12. Ikiwa pungufu, inarudishwa kwa sindano au vidonge, na metfomini inaendelea. Vitamini hiyo haipatikani kwenye mchicha wala kisamvu, hata uvipike vizuri namna gani. Iko kwenye nyama, maini, mayai, maziwa na samaki. Dagaa wamo. Dagaa wa Tanga tunawadharau bure.

Dawa ya pili ni glibenklamaidi na ndugu zake, na pamoja nazo insulini. Hizi ni nzuri ila zina upande mkali: huweza kuishusha sukari kupita kiasi. Sukari ikishuka chini ya 4 kwenye kipimo, mtu hutetemeka, jasho jembamba linamtoka, moyo unamwenda mbio, njaa kali, kichwa chepesi, na baadhi husema masikio nayo yanavuma na sauti za watu zinakuwa mbali. Mlio wa namna hii unakuja kwa ghafla na kwenda, na haufanani na ule wa nyenje unaokaa usiku kucha. Hapa, ndiyo, dawa inahusika. Lakini tiba yake siyo kuitupa. Weka vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, siyo ile isiyo na sukari. Subiri dakika kumi na tano, pima tena, kisha kula chakula. Halafu umwambie daktari, apunguze dozi au aibadilishe. Na mtu akishapoteza fahamu msimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa. Mlazeni ubavu mmwahishe hospitali.

Wenzangu tunaofunga Ramadhani, hapa nakazia. Ukimeza glibenklamaidi wakati wa daku halafu ukae hadi magharibi bila kitu, unaitega hatari. Nenda kliniki mwezi mmoja au miwili kabla, daktari akupangie dozi upya, au akwambie wazi kwamba wewe usifunge. Kujitoboa kidole kupima hakufunguzi saumu, wanazuoni wengi wameshalieleza hilo. Na kipimo kikisoma chini ya 3.9, au kikapanda zaidi ya 16.6, fungua siku hiyo hiyo. Usiseme "nitavumilia, imebaki saa moja tu".

Sasa nakuja kwenye mkoba. Mama mwenye kisukari hana dawa moja. Ana ya presha, ana ya miguu kuvimba, ana ya magoti aliyopewa na shoga yake, ana ya homa iliyobaki mwaka jana. Na humo mkobani ndimo mara nyingi tunamkuta mhalifu. Furosemaidi, ile mnayoiita Lasix ya kukojoza maji, huweza kulizisha masikio, hasa kwa dozi kubwa ya sindano au figo zikiwa dhaifu. Aspirini ile ndogo ya moyo si kawaida yake, lakini aspirini ya maumivu ikizidishwa huleta mlio, nao hukoma dozi ikipunguzwa. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo hapa kwetu tunazinunua kama karanga, nazo huweza, na juu ya hayo zinaziumiza figo ambazo kisukari kimeshaanza kuzila. Sindano za jentamaisini na streptomaisini ni habari nzito zaidi: zinaua chembe za sikio, na uziwi wake mara nyingi haurudi nyuma. Zikihitajika zitolewe, zinaokoa maisha, ila mwambie anayekuchoma kwamba una kisukari, na masikio yakianza kulia mwambie siku ile ile.

Na kwinini niliyoahidi kuirudia. Mbali na mlio, kwinini huichochea kongosho imwage insulini, sukari inashuka. Mtu wa glibenklamaidi akipewa kwinini, ni watu wawili wanavuta kamba upande mmoja. Septrin nayo ina tabia ya kuiongezea nguvu glibenklamaidi. Ndiyo maana nasema dawa zote mezani. Daktari akiona kidonge kimoja tu hawezi kujua ugomvi uliomo ndani ya mkoba.

Nina ruhusa ya mwenzetu mmoja kusimulia habari zake, bila jina. Mnamjua, yuko hapa, na ameniambia nisimpambe. Alikopa kwetu akanunua mashine ya kusaga. Mwaka huo huo akaanzishiwa metfomini. Baada ya miezi michache usiku masikio yakawa yanalia hadi hapati usingizi. Akafanya hesabu yake: dawa imeingia, mlio umeingia, basi dawa ndiyo. Akaacha kimya kimya. Hakumwambia mume, hakutuambia sisi, kliniki alikuwa anakwenda kupima presha tu. Miezi miwili. Masikio hayakunyamaza hata siku moja. Kilichonyamaza ni mguu. Alikanyaga kipande cha bati pale mashineni asihisi, na alipokuja kwangu kidonda kilikuwa kimeshaanza kunuka. Sukari ilisoma 24. Alikaa wodini wiki tano na akapoteza vidole viwili. Mashine ilisimama, na marejesho yake ya miezi minne mnajua yalitoka kwenye mfuko wa jamii. Sisemi hayo kwa kumsimanga. Tulikubaliana kwa kauli moja na tungefanya tena.

Nataka mwone pale kosa la hesabu lilipo. Mwaka ule haukuingia metfomini peke yake. Iliingia na mashine. Mashine ya kusaga ndani ya banda la bati, saa nane kwa siku, ukimsemesha mtu lazima upige kelele ingawa mmesimama bega kwa bega. Kelele ikifikia desibeli 85 na mtu akakaa nayo saa nane kila siku, huanza kuharibu sikio, na kelele ya kukufanya upige ukelele kwa mtu wa hatua moja imeshafika hapo au imepita. Leo mwenzetu anavaa vizibo vya masikio kazini na banda limetobolewa madirisha. Mlio umepungua, haujaisha. Metfomini anakunywa kila siku. Mashine inasaga, unga wa ugali tutakaokula leo umetoka kwake. (Makofi.)

Tukishaambiwa si dawa, tunakimbilia mambo mengine. Nimeona unyoya wa kuku sikioni, nimeona njiti ya kiberiti, pini ya nywele, mafuta ya nazi ya moto, maji ya kitunguu saumu. Naomba muache. Nta ikijaa kweli huweza kuleta mlio, lakini hutolewa zahanati kwa dakika chache. Kwa mwenye kisukari mkwaruzo ndani ya sikio si jambo dogo: maambukizi huweza kuchimba hadi kwenye mfupa. Ukiwa na sukari, sikio linauma usiku kucha na linatoa usaha, hiyo si ya kusubiri Jumatatu.

Vile vile usisubiri kama sikio moja limezima ghafla. Hilo ni la siku ile ile, maana tiba yake ikichelewa haisaidii. Mlio unaopiga kwa kufuata mapigo ya moyo, au unaokaa sikio moja tu, upelekwe kwa daktari wa masikio. Na mlio unaokuja na mdomo kwenda upande au mkono kukosa nguvu, huo ni kiharusi mpaka daktari aseme sivyo.

Kwa anayebaki na mlio baada ya hayo yote, sitamdanganya: hakuna kidonge kinachoufuta, na anayekuuzia kidonge hicho anataka hisa zako. Usiku ukimya ndio unaoukuza, kwa hiyo washa feni au redio kwa sauti ya chini. Kama kusikia kumepungua, kifaa cha kusikilizia husaidia na mlio nao hurudi nyuma. Sukari na presha zikitulia, na sikio angalau halizidi kuharibika.

Ndugu Mwenyekiti, najua muda umekwisha, naona Mwekahazina ananitazama. Nina ombi moja la fedha. Mfuko wetu wa jamii umekuwa ukilipia misiba na kulazwa. Napendekeza ununue kipimo kimoja cha sukari na stripu zake, kikae kwa Katibu, na kila Jumamosi kabla ya kufungua kisanduku mwenye kutaka apime. Kisindano ni cha mtu mmoja, mara moja, kinatupwa. Matokeo yanaandikwa kwenye daftari la mwenyewe na siyo la kikundi, maana sukari ya mtu si marejesho ya mkopo. (Vicheko.) Na mara moja kila baada ya miezi mitatu mje na mikoba ya dawa, tuandike orodha ambayo kila mmoja ataipeleka kliniki. Naomba jambo hili liwekwe kwenye ajenda ya mkutano ujao, lipigiwe kura.

Kwa leo nimekuja na kipimo changu. Kiko pale mezani chini ya mwembe, stripu 50, na kijana wangu atawapima. Waanze wale ambao bado hawajakula. Akina baba nanyi mnakaribishwa.  (Makofi na vigelegele.)